Anayekanyaga Breki

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa hesabu na mbishi wa kutupwa. Ukimwambia jambo fulani lina fundi wake, umemchokoza. Kwa hiyo gari lake lilipoanza kulia kila akifunga breki, hakwenda gereji ng'o. Jumamosi asubuhi alikunja mikono ya shati, akapiga jeki uani na kufungua magurudumu ya mbele. Pedi za breki zilikuwa zimelika mpaka chuma. Akapachika mpya, huku akipiga mluzi.

Sasa, pedi mpya zikishafungwa, lazima mtu akanyage pedeli tena na tena mpaka iwe ngumu. Bila hivyo breki hazishiki. Shemeji, amechuchumaa kwenye gurudumu, akamwita mkewe aje akae kwenye usukani. Akasikia mlango wa gari ukifungwa.

"Kanyaga," akasema.

Pedi zikabana.

"Achia."

Zikalegea. Wakaendelea hivyo, yeye akiamuru, pedeli ikitii, mpaka akaridhika. Akainuka amsifu mke wake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kiti kilikuwa kitupu. Dada ndiyo kwanza anatoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akiomba radhi kwa kuchelewa.

Shemeji akarudishia magurudumu. Mtu wa hesabu aanzie wapi kusema jambo kama lile? Alijiambia ni masikio yake tu.

Mchana, pumu ikambana binti yao. Midomo ikaanza kubadilika rangi, na dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Hospitali iko ng'ambo ya bonde, kwenda mteremko, kurudi mteremko. Dada alimpakata mtoto kiti cha nyuma, shemeji akaondoa gari mbio.

Mteremkoni akakanyaga breki. Pedeli ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena. Wapi. Mbele yao lori limesimama.

"Kanyaga," mdomo wake ukasema wenyewe.

Gari likasimama, karibu ligonge lori. Mguu wake ulikuwa umeshatoka kwenye pedeli. Pedeli ilikuwa imelala, imekandamizwa. Na pale chini, kwenye vifundo vyake, kitu kilikuwa kinapumua.

"Achia," akanong'ona.

Gari likaondoka. Alishuka bonde lote hivyo, kwa kunong'ona. Dada akamuuliza anaongea na nani. Akajibu kwamba anasali.

Waliwahi. Mtoto akawekewa oksijeni, rangi ikarudi, na shemeji akalia bila haya. Alitaka kumweleza mkewe palepale. Lakini benchi lilijaa watu, akaona aibu, akajiambia watakapokuwa peke yao. Muuguzi akamwita ndani. Alipotoka, mkewe hayupo. Mama mmoja akamwambia amechukua ufunguo, amekimbilia nyumbani kuleta nguo za mtoto.

Shemeji alitoka mbio mpaka getini. Gari lilikuwa limeshaanza kushuka, mbali, madirisha yamefungwa.

Aliita. Kanyaga. Kanyaga. Watu wakamtazama. Aliita mpaka sauti ikakatika. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo. Kisha kishindo kikasikika kutoka bondeni.

Dada yangu tulimzika keshoye. Mimi nilimlaumu shemeji kwa ubishi wake, na nilimwambia usoni, mbele za watu. Baadaye sana ndipo aliponisimulia haya, pamoja na yaliyotokea wodini jioni ile, aliporudi kukaa na mtoto, hajui amwambie nini.

Mtoto alifumbua macho, akamwangalia.

"Baba," akanong'ona, "yule aliyekuwa miguuni pako, mbona hakwenda na mama?"

Shemeji akamuuliza yuko wapi.

Mtoto akaonyesha chini ya kitanda.

Akainama. Hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, bado mbichi. Katikati yake palikuwa na alama ya unyayo mmoja, mweusi wa grisi, vidole vimeelekea kwake.