Tepu Nyeusi Kiunoni mwa Désiré

Maiti ya Désiré Kashindi ilitolewa baharini Jumatatu asubuhi. Ilikuwa imelala mita saba tu chini ya maji, kando ya gati la zamani lililozama, kina ambacho vijana wa Durban hukishukia kwa pumzi moja na kurudi juu wakicheka.

Sajenti Mthiyane, mpiga mbizi wa polisi, aliilaza mchangani na kuvua miwani yake ya maji. Marehemu alikuwa na suti nyembamba ya mpira, mtungi wa hewa uliofungwa mgongoni kwa mikanda mitupu, bila jaketi la kuelea, na kiunoni mkanda uliojaa vipande vya risasi, ile ya uzito, si ya bunduki.

"Mzigo huu ni wa nini?" aliuliza Inspekta Maimuna Fakiri. Alikuwa amesimama peku, viatu mkononi.

"Ndiyo nashangaa. Suti nyembamba kama hii inahitaji nusu yake. Lakini tazama hapa." Mthiyane aligusa bizimu ya mkanda. Ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi ya fundi umeme, raundi kadhaa, ikakazwa. "Mtu akipata shida chini, anavuta bizimu mara moja, mkanda unaanguka, anaelea. Huyu aliyefungwa hivi hawezi kuvuta kitu."

"Kuna watu wanafunga hivi?"

"Hapa Durban hakuna. Nimesikia kule Cape, kwenye maji ya baridi. Kuna mwani mrefu kama miti, unanasa kila kinachoning'inia. Kule wanaziba bizimu."

Maimuna aliinama. Kucha za marehemu zilikuwa zimevunjika, na chini yake kulikuwa na uchafu mweusi unaonata. Alijua ni gundi kabla daktari wa maiti hajasema. Désiré alikuwa amepigana na ile tepu hadi pumzi ilipomwishia.

Maimuna alikuwa mtu wa Chatsworth, kitongoji cha Durban, wa wale wanaoitwa Wazanzibari, ingawa katika ukoo wake mzima hakuna aliyewahi kuiona Zanzibar hata kwenye tiketi. Kiswahili alikipata kwa bibi yake vipande vipande, akakimalizia kwa wauza simu wa Kikongo mjini, kwa hiyo kila kesi iliyokuja na lugha hiyo ilimwangukia yeye. Cheo cha inspekta kilikwisha kufutwa zamani katika polisi ya nchi hii, lakini Wakongo walimwita hivyo, naye alichoka kuwasahihisha. Aliishi peke yake. Mumewe alipata kazi Johannesburg, akapata na mke hukohuko, na tangu hapo Maimuna aliipenda sana kazi ya Jumapili.

Aliyetoa taarifa ya kupotea alikuwa Josias Lwaboshi, rafiki wa marehemu. Alifanya kazi ya kujaza mitungi ya hewa katika duka moja la wapiga mbizi, na vifaa vyote vya Jumapili, siku waliyozama, alivichukua huko kimyakimya. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Walikwenda wawili, kila mmoja akavaa kivyake, maji yalikuwa machafu kwa mvua, wakapotezana. Alisema hivyo huku akitazama miguu yake, na alipoulizwa kuhusu tepu alisema labda Désiré alijifunga mwenyewe.

Mchana Maimuna alikwenda Sydenham, kwenye fleti ya marehemu. Laurette, mkewe, alikuwa ameketi sakafuni na wanawake wa kanisani wamemzunguka. Masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa kamba. Alhamisi familia ilikuwa isafiri kwenda Kanada. Miaka tisa walikuwa wamesubiri, mahojiano juu ya mahojiano, na faili lilikuwa kwa jina la Laurette. Sasa ofisi iliyowashughulikia ilikuwa imempigia simu na kumwambia kwa upole kwamba mpaka polisi waseme hana kesi, yeye na mtoto hawatapanda ndege. Na nafasi ikipita, hakuna aliyejua itarudi lini.

Jikoni, kwenye kisanduku cha kutengenezea simu cha Désiré, palikuwa na tepu nyeusi ileile.

"Nani alipanga mkoba wake Jumapili?" Maimuna aliuliza.

"Ni miye," alisema Laurette. "Taulo, mikate, na ile tepu. Aliniambia niweke. Sikumuuliza ya nini."

Mama Godelive, jirani wa mlango wa pili, alimsindikiza Maimuna hadi kwenye ngazi ili apate kusema lake. Josias alikula kwa Laurette kila siku, alisema. Kila siku ya Mungu. Mwanamume mzima hana mke, hana mtoto, anafuata nini kwenye sahani ya mwenzake? Kikulacho ki nguoni mwako, Mama Inspekta. Maimuna alimshukuru. Maneno kama hayo alishayasikia yakisemwa juu yake mwenyewe, kwa sababu mtu mpweke akionekana mlangoni kwa watu, kila mtu humtafutia dhambi.

Lakini uvumi ulikwisha kufika kituoni kabla yake. Mkuu wake alilipenda wazo hilo: mke na rafiki, tepu kutoka jikoni, bwana yuko chini ya maji. Alama za vidole zingeweza kupatikana upande wa gundi, ila maabara ilisema isubiriwe majuma, na ndege haikuwa na majuma. Maimuna aliambiwa Laurette asiondoke mjini.

Jumatano alimwita Josias kwenye chumba cha mahojiano. Alimsomea haki zake, akamuuliza kama anataka wakili. Hakutaka. Alikuwa mwanamume mrefu, amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi. Maimuna alimwuliza maswali ya Jumapili mara mbili, akapata majibu yaleyale mara mbili. Halafu akafunga jalada.

"Bahari ya Cape ikoje?" aliuliza.

Josias aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Alianza polepole, kisha maneno yakaja yenyewe. Yeye na Désiré walitoka Uvira, Kongo, pamoja, watoto wa ziwani, wanaogelea kabla ya kutembea vizuri. Walipofika Cape walipata kazi ya kukata mwani chini ya maji, chakula cha konokono wa baharini wanaofugwa kwa ajili ya matajiri. Maji yale yalikuwa ya baridi kiasi kwamba meno yaliuma hata mdomo ukiwa umefungwa. Lakini chini! Mwani ulisimama kutoka kwenye mawe hadi juu, mashina manene kama mkono wa mtu, na jua likipita katikati ya majani yote yaligeuka rangi ya asali. Samaki walisimama humo wakiyumba pamoja nao. Sili mmoja, mnyama wa baharini mwenye masharubu, alikuwa akija kila siku kuwachungulia usoni.

"Mi niliona pale kama kanisani," alisema. "Hakuna mutu anakuuliza karatasi. Hakuna mutu anakuita jina mubaya. Iko mwani, iko weye, iko ndugu yako."

"Na hamkuogopa kunaswa?"

"Siku moja nilinaswa. Ni siku ile sitaisahau." Aliweka viganja mezani. "Nilibeba risasi mingi sana, ile asubuhi nilikosea. Mguu ikashikwa, hewa inaisha, siwezi kupanda. Nikasema basi, Josias, umekuja kufia mbali na mama yako. Njo Désiré akatokea. Akakata ule mwani, akanipa kipumulio chake, nikavuta, akavuta, nikavuta. Tena akachukua mukono yangu, akaiweka kwa shina. Hivi. Mukono moja, halafu ingine. Tukapanda nalo kama mutu anapanda ngazi, mupaka kwa jua. Kule juu tukalia. Wanaume wawili, tunalia ndani ya maji."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Maimuna alimwachia muda, na hakuwa anamtega tu. Alitamani naye angekuwa na siku kama hiyo ya kumsimulia mtu.

"Na bizimu mlizizibaje?" aliuliza mwishoni. "Kwenye baridi ile si mlivaa glavu na suti nene?"

"Hauwezi kujifunga mwenyewe, Mama. Ile suti iko nene, kiuno yako hauione. Ni mwenzako njo anakufunga na tepu. Akimaliza anakupiga hapa, pa, pa. Ndiyo kusema, niko nawe."

"Désiré alikufunga wewe."

"Siku yote."

"Na wewe ulimfunga Désiré."

"Siku yo..."

Mkono wake ulikuwa bado hewani, tayari kupiga bizimu isiyokuwepo.

Maimuna alifungua jalada na kuweka picha moja mezani, ile ya vidole. "Alijaribu kuitoa," alisema. "Gundi ilikuwa chini ya kucha. Mtu hajifungi kitu ambacho hajui kukifungua, Josias."

Josias aliitazama picha, kisha akaigeuza kifudifudi kwa upole. Alipouliza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kama nikinyamaza?"

"Jalada linabaki wazi. Mkuu wangu anaamini Laurette alishirikiana na wewe. Kesho ndege inaondoka bila yeye na mtoto."

"Batabaki Durban."

"Watabaki."

Aliyatamka tena maneno yale bila sauti, midomo tu, na Maimuna akaelewa. Ilimchoma kwa sababu aliijua njaa hiyo. Mtu huyu alikuwa akiipima sahani ya jioni ile Sydenham, kiti chake pembeni ya meza, mtoto akimpandia magotini. Kunyamaza kwake kungeweza kumwachia hivyo vyote.

"Mutoto, Jeancy, anajua banasafiri?" Josias aliuliza.

"Ana miaka minne. Amenunuliwa koti la baridi, na tangu Jumapili amekataa kulivua. Analala nalo."

Josias alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, alianza kusema bila kuulizwa, na Maimuna akawasha kinasa sauti.

"Donc, basi, andika. Ni mimi. Laurette hajui kitu. Ile tepu ni mimi nilimuambia Désiré aje nayo. Nilimuambia tuzame mara ya mwisho kama zamani, mutungi kwa kamba tu, na tepu, kama kule Cape. Alicheka. Akaniachia nimufunge. Risasi ni mimi niliweka, mingi, kama ya suti nene."

"Ulitaka afe?"

"Hapana. Nilitaka nimuokoe." Aliliangalia dirisha dogo la juu. "Miaka yote, Mama Inspekta, yeye njo alinishika mukono. Yeye iko na bibi, iko na mutoto, iko na Kanada. Mi niko na yeye tu. Nikasema, kabla aende, mara moja tu anihitaji. Ashuke, aogope kidogo, nimufikie, nimupe hewa, nimupandishe. Akifika kule kwenye theluji, asinisahau."

"Na tepu?"

"Bila tepu angetupa mkanda, angepanda yeye mwenyewe. Angenihitaji ya nini?"

Hasira ilimpanda Maimuna, kisha ikakutana na huruma njiani, na hakuna iliyoipisha nyenzake.

"Ikawaje?"

"Maji ilikuwa kama chai, na mvua ya wiki yote. Alishuka, sikumuona tena. Nilizunguka, nikazunguka. Nilipomupata alikuwa anapiga miguu kwa mchanga. Kile kipumulio kilimutoka, nikamupa yangu, akaisukuma, hakunijua. Nikamuvuta, siwezi, yeye ni muzito na mimi ni muzito. Njo nikafanya..." Alishindwa, akaanza upya. "Nikachukua mukono yake nimuwekee kwa shina. Nilipapasa, nikapapasa. Nikatafuta mwani, Mama. Hapa Durban. Nilipapasa mchanga mupaka yeye akaacha kunishika."

"Hukuwa na kisu? Tepu ingekatika."

"Nilikuwa nacho kwa mguu. Nilikikumbuka nikiwa nimekaa inje."

Kama ni kuua kwa kukusudia au bila kukusudia, hilo lilikuwa la hakimu. Maimuna aliandika maelezo, Josias akayasoma na kutia sahihi. Askari alipokuja kumchukua alisimama mwenyewe, akaomba kitu kimoja, kwamba Laurette aambiwe na mtu anayejua Kiswahili, si kwa simu.

Mkuu alipokubali kwamba Laurette hana kesi, jioni hiyohiyo Maimuna alikwenda Sydenham na kumwambia. Laurette alisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Aliuliza tu kama mumewe aliteseka sana, na Maimuna, ambaye aliziona zile kucha, alisema hapana.

Alhamisi aliwapeleka uwanja wa ndege kwa gari lake mwenyewe, kwa kuwa mtu aliyeahidi kuwabebea masanduku alikuwa mahabusu. Désiré alikuwa amezikwa asubuhi, haraka haraka, kanisa likichangia. Jeancy alitembea mbele yao ndani ya koti kubwa, akitokwa na jasho kwa furaha. Mlangoni pa wasafiri Laurette alimshika Maimuna mkono, akasita.

"Yule," alisema. Hakuweza kulitaja jina. "Nani anamupelekea chakula?"

Maimuna alidhani hakusikia vizuri. Laurette akamweleza kwamba kwao mfungwa hula anacholetewa na watu wake, na asiye na watu hafiki mbali.

"Hapa serikali inawalisha," Maimuna alimwambia. "Usihangaike naye. Baada ya alichokufanyia?"

"Sijamusamehe. Labda sitamusamehe." Laurette aliufunga ukosi wa koti la mtoto. "Lakini miaka mingi amekula kwangu, na najua hana mutu. Serikali inatoa chakula, Mama. Haikai naye akila."

Aliingia bila kugeuka. Maimuna alibaki pale hadi msafiri mmoja alipomwomba apishe njia.

Ijumaa Josias angepelekwa mahakamani, kisha gereza kubwa. Usiku huo wa Alhamisi alikuwa bado kwenye seli ya kituo, ambako ndugu huruhusiwa kuleta sahani. Huko Chatsworth Maimuna aliosha mchele wa mtu mmoja, kama kila siku. Alisimama akiutazama ndani ya sufuria, akamlaani Josias kwa sauti, kisha akaongeza kikombe kingine.