Nusu ya Pili ya Kitini

Foleni ya duka la nakala ilikuwa imetoka mlangoni, ikashuka ngazi na kuishia juani. Ilikuwa wiki ya kwanza ya muhula, na kila mwanafunzi wa shahada ya biashara alikitaka kitini cha Ujasiriamali kabla ya kipindi cha saa nane. Ndani, mashine ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza.

"Imezima," alisema mama mwenye duka. "Kimebaki kimoja tu."

Mikono miwili ilikuwa imeshakikamata. Mmoja ulikuwa wa msichana aliyevaa blauzi ya kijani, iliyoshonwa kwa ufundi hata huoni mfuko ulipoanzia. Wenzake walimwita Kimya, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mkono wa pili ulikuwa wa kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa likanyooka. Huyo aliitwa Meneja, ingawa hakuwahi kusimamia kitu chochote zaidi ya mazungumzo.

"Dada, niachie," alisema Meneja. "Somo hili nalirudia. Nikianguka tena, chuo kinanifungashia virago."

"Pole," Kimya akajibu, lakini hakuachia.

"Hiyo pole yako ina vidole vya chuma."

Kimya akacheka kabla hajajizuia. Mama mwenye duka akakitwaa kitini, akaking'oa pini na kukigawa katikati. "Wewe kaka kurasa thelathini za kwanza, wewe dada thelathini za mwisho. Mtabadilishana. Haya, sogeeni, watu wanangoja."

Wakawa wanabadilishana kila siku baada ya vipindi, kwenye benchi la nyuma ya maktaba. Meneja angeomba kurasa chache za nusu ya pili, akazirudisha kesho yake akiwa amezisoma kidogo na kusimulia sana. Mashine ilitengenezwa siku ya tatu. Walipita mbele ya duka wakiangalia upande mwingine.

"Mashine imepona," mama mwenye duka aliwapigia kelele. "Najua mnajua."

Baadaye zikaanza simu.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umenikumbuka?"

"Hilo halimo kwenye nusu yangu."

"Basi limo kwenye yangu, ukurasa wa kwanza. Nitakusomea kesho."

Kimya aliyekuwa akihesabu maneno akaanza kuyamwaga. Siku moja Meneja aligusa ukosi wa blauzi yake, akauliza, "Fundi wako ni nani? Nami nataka anishonee."

"Ni mama. Alikuwa na duka, alilifunga."

"Kwa nini? Mkono kama huu haulali njaa."

Kimya alitazama kama kuna mtu karibu. "Watu wote anawaambia ni mgongo. Si mgongo. Ni macho. Alianza kusoma utepe wa kupimia vibaya, nane akiiona tatu, akaona aibu kusema. Shule ikampa kazi ya sketi arobaini. Zote zilitoka fupi. Mwalimu mkuu alizirudisha mwenyewe, akazimwaga mezani mbele ya wateja." Akashusha sauti. "Hata shangazi hajui. Mama aliniambia mimi tu, na mimi nimekwambia wewe tu."

Meneja akamshika mkono. "Limezikwa hapa, mpenzi. Halina ufufuo."

Alimaanisha. Hiyo ndiyo sehemu ambayo Kimya alichelewa sana kuiamini.

Wiki tatu baadaye ikafika zamu ya Meneja kuwasilisha mbele ya darasa. Kazi ilikuwa kuchunguza biashara moja iliyokufa na kueleza kilichoiua. Alikuwa amekwenda kwenye maduka mawili, yote yakamfukuza. Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa na karatasi tupu na habari moja tu kichwani. Akajiambia kwamba hatataja jina, na asipotaja jina hakuna aliyeumia.

Akasimama mbele na shati lake jeupe. Ukutani pakatokea maandishi: *Biashara Iliyouawa na Kiburi*. Chini yake alikuwa amechora sketi fupi kama kitambaa cha kufutia meza. Darasa likaangua kicheko.

"Fundi huyu," alisema Meneja, akipata moto, "nane anaiona tatu, lakini kusema haoni, hataki."

Kalamu ya Kimya ilisimama katikati ya neno.

Mhadhiri wao, mwanamke mwembamba waliyemwita Daktari, alikuwa na desturi yake. Kila wasilisho lilipata mpinzani, na mpinzani alichaguliwa kwa kuokota karatasi yenye jina kutoka kwenye kopo la biskuti. Daktari akaingiza mkono, akasoma, akamtazama Kimya.

Meneja akaacha kutabasamu.

Kimya akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, wa nyuma wakainama ili wasikie.

"Fundi huyu, uliongea naye?"

"Habari nilizipata kwa mtu wake wa karibu."

"Huyo mtu alikuruhusu?"

"Sikutaja jina la mtu."

"Sikukuuliza jina."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kimya alishika ukingo wa meza. "Umesema ni kiburi. Uliuliza kama ni woga? Fundi akitangaza kwamba haoni, nani atampelekea kitambaa? Hilo hukulichora." Akakaa.

Daktari alifunga kopo. "Mpinzani amemaliza. Kazi hii haina alama hata moja mpaka fundi aandike kwamba ameridhia. Una wiki moja."

Simu ya Kimya iliita mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu akapokea.

"Kipenzi, nisikilize."

"Nasikiliza."

"Nilibanwa. Wewe unajua somo hili kwangu ni kufa na kupona. Nilibadilisha hadi mtaa. Mama asaini tu, mstari mmoja, halafu mimi na wewe tutazungumza vizuri."

Kimya alingoja. Alikuwa akingoja neno moja, nalo halikuja.

"Umeniomba sahihi," alisema. "Msamaha umesahau." Akakata.

Siku tano baadaye alirudi nyumbani mchana akakuta viatu vyeusi vilivyong'arishwa mlangoni. Vilimchoma kabla hajaingia. Meneja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, shati leo limekunjamana, macho mekundu. Mama yake alikuwa ameketi kando ya cherehani iliyofunikwa shuka, karatasi mapajani.

"Amenieleza yote," Mama alisema. "Hajaficha. Hata kilichochorwa kaniambia."

"Mama, huyu alikuwa..."

"Huyu simjui, mwanangu. Wa kunivua nguo hadharani namtegemea awe mgeni." Mama hakupandisha sauti. "Nilikwambia wewe tu."

Kimya alisimama pale pale, mkoba begani. Maneno yale aliyajua. Yalikuwa yake, ameyatumia kwenye benchi nyuma ya maktaba. Siku zote tano alikuwa amejihesabu kuwa msalitiwa peke yake.

"Nisamehe, mama," akasema.

Mama aliinyoosha karatasi mapajani. Aliichukua kalamu, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika jina lake nje kabisa ya mstari. "Chukua," akamwambia Meneja. "Nyumba hii imeshaona kazi moja ikimwagwa mezani. Inatosha."

Nje, Meneja alisimama kwenye ngazi. "Nilikuja kwa ajili ya karatasi. Sitakudanganya. Lakini nilipomwona, nilishindwa kuitoa mfukoni. Yeye ndiye aliyeuliza nina nini mfukoni. Nisamehe, mpenzi. Tuanze upya."

Alisema kweli, na Kimya aliiona. Alimpenda bado, hilo ndilo lililomuuma. Akafungua mkoba, akatoa kurasa thelathini zilizokunjika pembe.

"Nimekusamehe. Lakini sitakuwa nikikwambia kitu tena, na mapenzi ya namna hiyo siyawezi." Akampa. "Anza ukurasa wa hamsini na nane. Unahusu kuomba ruhusa. Nyingine zote uliziazima kwangu, huo hukuwahi kuuomba."

"Na wewe utasomea nini?"

"Mashine imepona siku nyingi."

Alimtazama mpaka shati lile likapotea kwenye kona, ndipo akafuta macho na kurudi ndani. Mama alikuwa ameondoa shuka juu ya cherehani. Kipande cha kitambaa kilikuwa mezani, na utepe umenyooshwa juu yake.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Njoo hapa. Mimi naona sitini na tatu."

Kimya akainama. "Ni nane, mama. Sitini na nane."

Mama akakubali kwa kichwa polepole, akashika chaki. "Basi soma kwa sauti," alisema. "Usininong'oneze. Majirani wakisikia, wasikie."