Tofauti ya Digrii Moja na Nusu

"Msifungue! Ngojeni nikae sawa kwanza," Shangazi Mahfoudha alisema, akavuta mto akauweka mgongoni. "Haya sasa. Bismillahi. Fungueni hizo daftari zenu."

Lamis alicheka. Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, sebuleni kwa baba yake, Mzee Amir, huko Mjambere. Mezani palikuwa na birika la kahawa, sahani ya kashata na madaftari mawili: la kijani la Lamis, la buluu la Hamdun.

Kwa asiyejua, juu ya paa la zege la Mzee Amir kuna darubini kubwa, kioo chake kipana kama sinia la biriani la arusini. Ni mali ya chama cha wapima nyota, nayo iliwekwa pale kwa kuwa ndilo paa refu kupita yote mtaani. Taa za Nyali hapo jirani huzifuta nyota ndogo ndogo, lakini Lamis na Hamdun hazikuwasumbua. Wao walipima nyota pacha, zile ambazo kwa macho matupu ni moja, na kwa darubini ni mbili zimekaribiana. Unazungusha uzi mwembamba ulio ndani ya darubini mpaka upite kwenye nyota zote mbili, ukianzia ile inayong'aa zaidi, kisha unasoma pembe. Miaka ikipita pembe hubadilika kidogo, na hapo ndipo hujulikana kama nyota zile zinazungukana au zimepishana tu njiani.

Sharti la chama lilikuwa moja. Kila mtu apime peke yake, aandike kwake, aliache daftari katika sanduku la paani, asitazame kwa mwenziwe mpaka siku ya kufungua. Jicho likishajua jibu, huliona hata pale lisipokuwapo.

Hamdun alikuwa fundi wa mitambo, mkazi wa Port Reitz, mtu wa maneno machache. Miaka miwili alipanda ngazi zile kila Jumanne na Alhamisi baada ya Isha, na miaka miwili Shangazi Mahfoudha aliketi mkekani na tasbihi yake akiwalinda, maana mwari na kijana hawaachwi peke yao juu ya paa hata kama wanatazama mbingu. Wiki tatu zilizopita wazee wa Port Reitz walileta barua ya posa. Mzee Amir aliahidi kuijibu Ijumaa inayokuja. Lamis, mwalimu wa hesabu wa miaka ishirini na tisa, alikuwa na jibu lake tayari, na mtaa mzima ulilijua.

"Nyota ya kumi na saba, usiku wa kwanza," alisoma. "Mimi, arubaini na tatu nukta mbili. Wewe?"

"Arubaini na tatu nukta tano," Hamdun alisema polepole.

"Mashallah!" Shangazi alipiga makofi. "Hata macho yenu yamekubaliana! Sasa huyo baba yako angoja nini?"

"Shangazi, tulia! Usiku wa pili, mimi arubaini na mbili nukta tisa."

"Arubaini na tatu kamili."

"Usiku wa tatu, mimi mia mbili ishirini na..." Lamis alisita, kisha akaangua kicheko. "Nimekosea! Tazama tarehe. Ni ile Jumanne barua ilipoletwa! Hizi pacha zinakaribia kulingana kwa mng'aro. Nikaanzia kwa ndogo badala ya kubwa, nikaangukia upande wa pili wa duara kabisa. Mia mbili ishirini na tatu! Haya, nisomee yako, Hamdun, tusahihishe."

Hamdun hakusoma.

"Hamdun?"

Lamis alinyoosha mkono akalivuta daftari la buluu. Mia mbili ishirini na tatu nukta nne. Lamis aliisoma namba ile mara mbili, na furaha yote ya mchana ule ikamtoka.

"Wewe nawe ulikosea usiku ule ule?"

Lamis aliigonga namba ile kwa kidole.

"Nyota ile ile, kosa lile lile? Mimi nilichanganywa na barua yako. Wewe uliyeituma ulichanganywa na nini?"

"Lamis..."

"Nijibu. Ulitazama daftari langu?"

Mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Hamdun aliinamia kikombe chake cha kahawa.

"Nilitazama."

"Usiku ule tu?"

"Tangu mwezi wa Nne."

"Zote hizi? Kwa nini?"

Alifungua mdomo kusema, na hapo hapo mlango wa mbele ukagonga ukutani. Mzee Amir aliingia kutoka msikitini, uso umekunjuka.

"Aa, Hamdun! Mkwe wangu... astaghfirullah, ulimi umetangulia Ijumaa!"

"Shikamoo, mzee," Hamdun alisema, akasimama. "Nilikuwa natoka."

"Marahaba. Kahawa hujaimaliza!"

"Siku nyingine, inshallah."

Akaondoka. Daftari lake la buluu lilibaki mezani.

Usiku ule Lamis alimtumia ujumbe.

"Namba sikuulizi. Nauliza sababu."

Alama mbili zikageuka buluu, na jibu halikuja. Jumapili halikuja. Jumatatu alifundisha vipindi vitano, akawakaripia wanafunzi kwa makosa ambayo siku nyingine angeyacheka.

"Kwa tarakimu tu, mwanangu?" Shangazi alimuuliza jikoni, akikuna nazi na macho kayaelekeza kwake. "Mwanamume mzuri hivi, mwenye adabu, umwache kwa sababu ya tarakimu?"

"Si tarakimu, shangazi. Mtu akinakili ili tukubaliane kwenye nyota, kesho atanakili ili tukubaliane nyumbani. Nitamuuliza kama chakula ni kitamu, aseme kitamu. Nitamuuliza kama ana furaha, aseme anayo, kwa kuwa ashajua ndilo jibu nilitakalo. Nitajuaje siku anaposema kweli?"

"Njia ya mwongo ni fupi, hilo najua. Lakini moyo wako wamtaka?"

"Wamtaka," Lamis alisema, na machozi yakamlengalenga. "Ndiyo maana naumia."

Jumatano jioni Mzee Amir alimwita sebuleni.

"Lamis!"

"Abee, baba."

"Kesho kutwa ni Ijumaa. Niwajibu nini watu? Naona nyumba imenuna."

Lamis alikuwa amelipanga neno la kukataa tangu asubuhi. Alikaa chini, akavuta pumzi, na simu mkononi mwake ikalia. Ulikuwa ujumbe katika kundi la chama, lenye watu arubaini, ukimwelekea Bwana Munga, mkusanyaji wa vipimo vya wote.

"Assalamu alaikum ndugu zangu. Bwana Munga, naomba vipimo vyangu vyote tangu mwezi wa Nne vifutwe. Si vyangu. Nilivitoa katika daftari la Lamis bila yeye kujua, nikabadilisha nukta ili visifanane mno, na yeye ndiye aliyenigundua. Vya kwake ni safi. Jicho langu la kulia lilipigwa na chembe ya chuma kazini, likaingia mtoto wa jicho. La kushoto tangu utoto ni la kuonea njia tu. Maandishi nayasoma nikiyasogeza puani, lakini nyota pacha kwangu ni moja. Niliona haya kusema. Nimewakosea nyote, na mmoja nimemkosea zaidi. Hamdun."

Lamis aliusoma mpaka mwisho, akaurudia.

"Baba, nipe dakika tano," alisema, akapanda paani mbio bila viatu, akampigia Hamdun simu. Shangazi alimfuata akihema, maana ulinzi ni ulinzi.

"Hallo," sauti ya Hamdun ilikuwa ndogo.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Kazini wakijua naondoshwa kwenye mitambo. Baba yako akijua, nani atamuoza binti yake kwa mtu anayeelekea gizani? Halafu nikisema sioni, sina tena sababu ya kupanda ngazi zenu."

"Yaani miezi yote hii ulikuwa ukija juu ya paa letu huoni kitu?"

"Nilikuwa naona, Lamis. Nyota ndiyo nilikuwa siioni."

"Usinipake asali!"

"Wallahi sikupaki."

Lamis aliuma mdomo asicheke. Bado alikuwa na hasira, na hakutaka imtoke kabla ya wakati wake.

"Na leo mbona umesema mbele ya watu arubaini? Ungeniambia mimi tu, yangeisha."

"Yangeisha kwako. Vipimo vyangu vingebaki vyatumiwa na watu. Halafu nilikuona Jumamosi ulivyolitaja kosa lako mbele yetu, ukalicheka. Mimi langu nimelificha miezi. Nikaona haya mpaka nikashindwa kula."

"Kazini umesema?"

"Leo asubuhi. Wameniweka stoo mpaka nitibiwe. Nimekwenda na kwa daktari. Asema jicho litasafishwa, liwekwe lenzi. Huenda likarudi, huenda lisirudi lote."

"Sijakusamehe, Hamdun."

"Najua."

"Lakini nimekusikia. Na huyu shangazi hapa amekusikia pia, ameninyang'anya nusu ya simu."

"Shikamoo, shangazi," Hamdun alisema haraka.

"Marahaba, mwivi wangu," Shangazi alijibu. "Ugua pole."

Waliposhuka, Lamis alimweleza baba yake kila kitu, hakuacha hata nukta. Mzee Amir alisikiliza akipapasa ndevu.

"Na jicho lisipopona?" aliuliza. "Mimi ni mzazi, lazima niulize. Utamshika mkono kumvusha barabara?"

"Jicho si tatizo langu, baba. Nitamshika mkono. Ninachotaka ni kimoja. Akiniambia ameona, awe ameona. Na kama hakuona, anambie hakuona."

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," Shangazi alidakia kutoka mlangoni. "Na moyo wake haujafa huyo. Waliokufa moyo hawaandiki ujumbe kama ule."

"Mahfoudha, wewe umehongwa kashata!"

"Kashata ni zangu mwenyewe, nahongwa na nani?"

Mzee Amir alicheka.

"Basi nitawaomba wazee wa Port Reitz watupe miezi miwili," alisema. "Hapana sijaisema, na ndiyo pia sijaisema."

Miezi miwili si mingi, lakini kwa mwenye kungoja ni mingi. Hamdun alitibiwa. Lamis hakwenda hospitali, maana haikuwa desturi, ila kila siku Shangazi alipeleka chupa ya supu, supu iliyopikwa na mikono anayoijua msomaji. Ujumbe wa Hamdun ulikuwa mfupi, tena wa kweli mpaka ukachekesha.

"Leo nimeona ukungu."

"Leo nimeona kidole cha daktari. Ni kinene."

"Supu ya leo imezidi chumvi. Umesema nisikufiche."

Lamis aliusoma huo wa mwisho mbele ya sufuria, akacheka peke yake. Hasira ilimtoka siku ile, ingawa hakumwambia.

Alhamisi moja baada ya Isha, hatua zilisikika kwenye ngazi. Hamdun alitokeza paani na daftari jipya, la kijivu. Mkekani Shangazi alikuwa ameshajipanga na birika lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Leo hakuna sanduku. Daftari la Lamis nitalikalia mwenyewe."

"Likalie, shangazi. Hata ukitaka lilalie."

Lamis alipima kwanza. Nyota ya kumi na saba. Alizungusha uzi, akasoma pembe, akaandika, akafunga, na daftari la kijani likaingia chini ya Shangazi, mahali ambapo hakuna mwizi angethubutu. Kisha akasogea pembeni.

Hamdun aliinama kwenye darubini. Alitazama muda mrefu sana. Lamis alijikuta amekunja ncha ya buibui lake mkononi. Alijua sasa kwamba hata akisema haoni, atamtaka. Lakini alitaka alisikie kutoka kinywani mwake.

"Hamdun? Waonaje?"

"Ngoja. Moja... inatetemeka. Ngoja kidogo." Akavuta pumzi. "Mbili. Lamis, ni mbili! Kubwa ina rangi ya samli, na mwenziwe yuko pale pale, ubavuni."

"Usiniambie mimi. Pima, uandike."

Alipima, akaandika. Shangazi akajiinua kwa heshima kubwa, daftari la kijani likatoka likiwa na joto.

"Haya, someni, nami nisikie. Mwanamke kwanza."

"Arubaini na tatu nukta moja," Lamis alisema.

"Arubaini na nne nukta sita," Hamdun alisoma.

Shangazi alishika shavu. "Ole wangu! Zimepishana!"

"Digrii moja na nusu," Hamdun alisema kwa sauti ya chini. "Bado halijakaa sawa. Ningeweza kukisia arubaini na tatu, nilikuwa naikumbuka. Lakini hiyo ndiyo niliyoiona."

Lamis alilitazama daftari la kijivu, akamtazama yeye. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa mtandio.

"Alia nini tena huyu?" Shangazi aliuliza.

"Zimepishana, shangazi! Ndivyo inavyotakiwa! Mtu akipima kwa jicho lake mwenyewe lazima apishane na mwenziwe kidogo." Akaiendea ngazi, akainama. "Baba! Baba!"

"Naam! Kuna nini, paa limeanguka?"

"Kesho Ijumaa. Waambie wazee wa Port Reitz ndiyo!"

Mzee Amir alitokeza chini, kofia mkononi.

"Mtoto wa kike akiulizwa hunyamaza, Lamis. Kunyamaza kwake ndiyo idhini. Wewe wanipigia kelele mtaa wote usikie?"

"Nimeshanyamaza miezi miwili, baba. Sasa nasema!"

Dirisha la nyumba ya pili likafunguka, na kigelegele kimoja kikatoka humo bila kujua hata kisa. Shangazi akakidaka, akakizidisha. Hamdun alisimama kando ya darubini akicheka kama aliyesahau kufunga mdomo.

"Hebu nambieni," Shangazi alisema alipomaliza, akimimina kahawa katika vikombe vitatu. "Huyo Bwana Munga mwampelekea namba gani? Ya Lamis au ya Hamdun?"

Lamis alichukua kalamu, akayalaza madaftari ubavu kwa ubavu chini ya taa nyekundu, ile isiyolisumbua jicho la kutazama nyota.

"Zote mbili, shangazi," alisema. "Twaandika zote mbili."