Kabati la Mfenesi, Chumba cha Tatu

Jioni ile nilikuwa na kazi moja tu: kusoma kipimo cha unyevu katika chumba cha tatu cha makumbusho, kuandika tarakimu mbili daftarini, kisha kwenda nyumbani. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe kesho yake. Vyombo vya fedha, vinyago vya mbao, vito vya enameli, vyote vilikuwa vimeshapangwa, na vibao vya maelezo nilikuwa nimeviandika mwenyewe. Mvua ya mji wetu wa Huế ilikuwa ikinyesha tangu adhuhuri. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka tangu mwezi wa tatu, mke wangu alipofariki.

Nhạn, mhudumu wa chumba, alinikuta mlangoni akiwa ameshavaa koti la mvua.

"Kaka Khiêm, lile kabati lako mimi silifuti tena."

"Kwa nini?"

"Linapumua."

"Acha utani, Nhạn."

"Utani wangu unaujua, huwa unachekesha. Nenda kajionee. Mimi nina watu wa kuwapikia."

Akaondoka. Ndara zake zikapiga sakafu mpaka nje, kisha nikabaki na mvua.

Kabati lilibeba kazi ya mwisho ya mke wangu, Thục: mtungi wa shaba uliofunikwa enameli ya buluu, ule unga wa kioo unaoyeyushwa tanurini mpaka ushike juu ya madini. Aliutoa motoni kwa mikono yake, wiki sita kabla mapafu hayajamshinda. Kabati lenyewe lilichongwa kwa mfenesi na Mzee Lẫm, seremala aliyetutengenezea hata kitanda cha harusi. Siku kumi na mbili za matayarisho nilikuwa nikisimama mbele yake kila jioni, nikizungumza na marehemu. Sikuona aibu. Chumba kilikuwa kitupu.

Kipimo cha chumba: hamsini na nane.

Kipimo cha ndani ya kabati: tisini na tatu.

Kioo kilikuwa na ukungu. Nikaufuta kwa leso. Haukufutika.

Ulikuwa upande wa ndani.

Nikainama. Ulikuwa duara dogo, karibu na chini. Ukapungua... ukarudi. Ukapungua... ukarudi. Mtu aliyechuchumaa humo ndani angekuwa na mdomo mahali pale pale.

Kisha nikasikia harufu ya maganda ya balungi yaliyochemshwa. Thục alikuwa akioshea nywele maji hayo.

"Mwenzangu?" nikanong'ona.

Ndani ya kabati, mtu akakohoa.

Sikukimbia.  Nilijiambia kwamba mbao hazikukauka vizuri, nikampigia simu Mzee Lẫm. Alifika baada ya nusu saa, amelowa, mfuko wa vifaa begani. Aliutazama ule ukungu. Akatoa rula, akapima upana wa mlango wa kabati, akapima tena.

"Uliponiagiza uliniambia nini?"

"Kabati la mtungi wa Thục."

"Hapana. Ulisema, 'Mzee, mtengenezee Thục kabati zuri.' Ulikuwa unalia, nikaona vibaya kukuuliza mara mbili. Nikachukua rula ya wafu."

Maseremala wetu wana rula zaidi ya moja. Kuna ya milango ya walio hai, na kuna ya makaburi na madhabahu za marehemu. Mimi niliyesoma chuo kikuu nilikuwa nimeandika makala juu ya rula hizo.

"Basi ni madhabahu," nikasema. "Kuna ubaya gani?"

"Madhabahu ina jina na ubani. Hii ni nyumba tupu yenye mlango, na huu ni mwezi wa saba, mwezi wa roho zinazozurura. Juzi tu tumewamwagia uji barabarani wale wasio na wa kuwaita. Unadhani wameenda wapi na mvua hii?" Akanigeukia. "Umemwita?"

"Kila jioni."

"Kwa jina lake lote? Mwaka aliozaliwa? Kijiji?"

Nikatikisa kichwa. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kumwita kwa jina. Wanaume wa rika langu hawawaiti wake zao hivyo.

"Nilisema, 'Mwenzangu, ingia.'"

Mzee Lẫm akafumba macho. "Msomi wewe! Kila mke aliyekufa ni mwenzangu wa mtu."

Akaniambia angeweza kuupanua mlango nusu kidole kwa randa. Kipimo kingebadilika, na aliyekuwamo asingeweza kukaa.

"Na kama ni yeye?"

"Muulize. Lakini amua leo. Kesho watu watabandika nyuso kwenye kioo hiki."

Nikapiga magoti. "Sema jina lako."

Ukungu ukapungua, ukarudi. Kisha sauti ya Thục, ndogo, iliyokwaruzwa na kikohozi.

"Mwenzangu... paa bado linavuja?"

Habari za paa nilikuwa nimemsimulia mwenyewe, Jumanne.

"Jina lako nani?"

"Usile tambi kila siku..."

Za tambi nilimwambia Alhamisi. Niliuliza mara ya tatu, na jibu likawa ni maneno yangu tena. Kila alichokijua nilikuwa nimemfundisha mimi.

"Panua," nikamwambia Mzee Lẫm.

Akafungua mlango. Hewa iliyotoka ilikuwa ya baridi na ya udongo wa mtoni. Nikautoa mtungi, nikaukumbatia. Randa ikaanza. Maranda ya manjano yakawa yanaanguka sakafuni, na kwa kila mpigo nikasikia kikohozi.

Halafu sauti haikutoka kabatini tena. Ilikuwa sikioni mwangu.

"Ile barakoa... nimeivua. Sasa utanisikia."

Usiku wake wa mwisho hospitalini, Thục aliinua mkono mara tatu aivue barakoa ya oksijeni, aniambie jambo. Mara tatu nikamrudishia. Daktari alikuwa ameagiza hivyo. Sikumwambia mtu yeyote. Naamini sikumwambia mtu. Ila kuna jioni nilizungumza mbele ya kile kioo mpaka Nhạn akazima taa, na nusu ya niliyoyasema siyakumbuki.

"Mzee, ngoja."

"Umebaki mpigo mmoja." Randa ilikuwa imetulia ukingoni. Yeye alikuwa akisikia kikohozi tu. "Ningoje nini?"

"Nilitaka kukwambia..." ikasema sauti.

Nikafikiria wanafunzi wa shule ya msingi waliopangiwa kuja saa tatu asubuhi. Nikafikiria pumzi zao kwenye kioo kile, na pumzi nyingine upande wa pili.

"Maliza," nikasema.

Ilikuwa mara ya nne.

Asubuhi vipimo vyote viwili vilisoma hamsini na nane. Wageni waliisifu ile buluu. Nhạn alifuta kioo akipiga mluzi. "Sasa hili ni kabati la watu," akasema. Mzee Lẫm ananiambia sikufanya kosa. Huniambia hivyo mara nyingi mno.

Sasa kila jioni, baada ya kufunga, nasimama uani na kumwita inavyotakiwa: Trương Thị Thục, mwaka wa Farasi, kijiji cha Phước Tích. Naita mara tatu, taratibu. Hakuna anayeitika.

Ila jana, nikishuka ngazi kuelekea lango, mtu alikohoa nyuma yangu. Haikuwa sauti ya Thục. Haikuwa sauti ya mtu yeyote ninayemjua.

"Nisubiri," ikasema.

Sikugeuka.

Lakini nilipunguza mwendo.