Juu ni Wapi?

Duka la kuchapa lilifurika wanafunzi, kila mmoja na haraka yake. Rula alivuta karatasi kutoka kwenye mashine akakuta si mchoro wa jengo lake. Lilikuwa gurudumu kubwa, limejaa nyanya.

"Samahani dada, huo ni mji wangu," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Rula, aliyepewa jina hilo na wenzake wa usanifu majengo kwa kuwa mstari uliopinda ulimnyima raha, alichomoa penseli kwenye nywele zake.

"Mji? Mimi naona tairi."

"Ni makazi ya angani. Tuko kwenye mashindano ya vyuo. Wataishi humo watu elfu kumi, na mimi, mwanafunzi wa kilimo, ndiye nitakayewalisha."

"Watakula vizuri. Watatokea wapi? Hujaweka mlango hata mmoja."

Kijana aliutazama mchoro, kisha akamtazama yeye. "Una nafasi jioni?"

Ndivyo Rula alivyoingia kwenye timu, na mengine yakaja yenyewe. Timu ilimwita kijana Bwana Shamba. Simu zake hazikuwa na mwisho.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Nyanya zako hazijambo?"

"Zinakuulizia. Zinasema uje na hiyo penseli."

Mama yake Rula, fundi cherehani, alisimamisha mashine. "Mwanangu, nani huyo anayekuchekesha hivyo?"

"Mtu wa timu, mama."

"Timu ina watu sita. Mbona anapiga mmoja?"

Mambo yaliharibiwa na neno dogo: juu. Mji wao ungezunguka, na mzunguko ungewasukuma watu nje, kwenye ukingo wa gurudumu. Huko ukingoni ndiko miguu ingekanyaga, kwa hiyo juu ni katikati, kwenye kitovu. Bwana Shamba alitaka tangi la maji liwe juu ya shamba, maji yashuke yenyewe. Lakini alichora kwa macho ya mtu wa ardhini, akaliweka nje ya ukingo. Maji yake yangelazimika kupanda mlima.

Rula aliliona kosa. Akalihamishia tangi kitovuni, akanyoosha mistari, akanyamaza. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Siku ya majaribio mbele ya walimu, Bwana Shamba alisimama kwa madaha akanyoosha kidole ukingoni. "Hapa juu kuna tangi," akasema. Hapakuwa na tangi. Ukumbi mzima ukacheka.

Nje, Bwana Shamba alikuwa anakunja mikono ya shati bila sababu.

"Nilirekebisha tu," Rula akasema.

"Ulirekebisha mchoro. Mimi ukaniacha na kosa langu, nikaenda kulitangaza mbele za watu. Kwa fainali tafuteni msemaji mwingine."

Simu ikanyamaza. Rula alikuwa na kiburi, tena kile cha mtu anayejua kwamba hakukosea hesabu. Lakini kiburi hakimpigii mtu simu kumuuliza kama amekula, na moyo ulimuuma vibaya. Mama yake, uzi mdomoni, akamwambia, "Mimi nikipunguza gauni la mtu, humwambia kabla hajalivaa harusini."

Kesho yake Rula alimfuata Bwana Shamba kwenye kitalu cha chuo. Hakusalimia. Alishika ndoo ya maji, akaizungusha kwa mkono, juu chini, juu chini, wala halikumwagika tone.

"Chini ya haya maji ni wapi?"

Bwana Shamba alitazama sana. "Kwenye kitako cha ndoo," akasema polepole. "Popote ndoo ilipo."

"Hivyo ndivyo nilivyopaswa kukuonyesha mwanzo. Nisamehe."

"Maji nimeyaelewa," akajibu. "Wewe bado."

Siku ya fainali Bwana Shamba alikuja, shati limepigwa pasi pande zote, akaketi kiti cha mwisho. Jaji mmoja, mama wa makamo, akauliza, "Mtoto akizaliwa humo, mtamwambia juu ni wapi?"

Timu yote ilimgeukia Rula. Jibu alikuwa nalo mdomoni. Akapita nyuma ya viti, akamkabidhi Bwana Shamba kipaza sauti.

Alikipokea. Kisha akasimama.

"Tutamwambia juu ni katikati. Akisimama upande huu na mwenzake upande wa pili, kila mmoja atamwona mwenzake yuko kichwa chini, na hakuna aliyekosea. Mimi nililichora tangi pasipo pake. Aliyeliona kosa na kunifundisha kwa ndoo ni yule pale, na najivunia kuwa naye timu moja."

Ukumbi ukapiga makofi. Rula akajua kwamba hajawahi kujivunia mstari wowote aliouchora kama alivyojivunia mtu huyu.

Walishika nafasi ya pili. Mama yake Rula, aliyekuja kutazama, alilibeba kombe kana kwamba ni la kwanza, akimwonyesha kila aliyepita, pamoja na mlinzi wa geti.

"Nikikuoa," Bwana Shamba akasema wakiwa kwenye ngazi za ukumbi, "utanichorea nyumba?"

"Nitakuchorea. Na kila nitakachokihamisha nitakuambia."

"Tangi litakaa wapi?"

"Juu."

"Juu ipi?"

Rula alichomoa penseli kwenye nywele, akampa yeye. "Chora wewe. Mimi nitashika rula."