Moto wa Njano Katika Labo

Wewe uliyepita mbele ya labo, maabara ya kituo chetu cha afya, hapa Kasongo, masizi uliyaona. Yamepanda ukutani mpaka darini. Ukatazama pembeni, ukaenda sokoni. Naomie akabaki mle ndani.

Naomie ndiye anayepima makohozi. Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama. Miezi mingi labo haikuwa na gesi. Chupa ya gesi ilifika juzi tu, kwa pikipiki. Sasa kichomeo, lile bomba dogo la chuma linalotoa moto wa kupitishia vioo vya kupimia, kilitoa moto wa njano wenye moshi. Kioo kikatoka cheusi. Mara ya tatu. Akazima moto, akatoka nje.

Latifa alikuwa akikohoa kwenye benchi nje. Siku ya tatu anangoja kujua kama ni kifua kikuu. Nyumbani analala barazani, mbali na watoto wake.

"Mama, jibu langu?" Latifa alimwuliza.

"Bado, dada. Vumilia."

"Nivumilie mpaka munizike?"

Naomie alirudi ndani, akafungua gesi, kisha akaita kama jana na juzi: "Mama Mado! Leta kiberiti!" Kituo kizima kina kiberiti kimoja, nacho hukaa jikoni.

Mama Mado, mfagiaji, alikuja mbio mikono mitupu. Akafunga chupa, akafungua madirisha.

"Unafungua gazi, halafu unatafuta moto? Na nyusi zako ziko wapi?"

Naomie aligusa uso. "Ziliungua jana."

"Na unanyamaza! Miaka kumi na tisa nilisafisha labo ya mapadri. Kaa, nikuonyeshe."

Wakangoja harufu iishe na chuma kipoe. Mama Mado alichomoa mpira unaoleta gesi, akazungusha bomba likatoka. Ndani mlikuwa na udongo mgumu.

"Nyigu," alisema. "Gazi ilikosekana, wakajenga nyumba. Hewa haipiti, ndiyo maana moto iko njano."

Akautoa kwa brashi kavu. Kitundu cha gesi alikisafisha polepole kwa waya mwembamba. "Usilazimishe, utakipanua." Wakarudisha kila kitu, wakafungua gesi kidogo bila moto, wakapaka mpira maji ya sabuni. "Povu likipanda, inavuja. Usiwashe."

Povu halikupanda. Wakafunga tena. Harufu ilipoisha, Mama Mado alileta kiberiti kutoka jikoni.

"Sasa peleka alkoli mbali, ile spiriti inashika moto. Kitambaa cha kichwa funga nyuma. Matundu ya hewa chini ya bomba funga. Washa kiberiti kwanza, ndiyo ufungue gazi. Halafu achia hewa."

Moto ukawa bluu.

"Ukimaliza, funga kwenye chupa. Hata ukichoka."

"Nachoka kila siku, Mama."

"Ndiyo maana nakuambia."

Kioo kilitoka safi. Alasiri Naomie aliviona vijidudu vya kifua kikuu kwa hadubini, na Latifa akaanza dawa siku hiyohiyo.

Siku tatu zimepotea, kwa sababu hakuna aliyemfundisha Naomie kusafisha bomba. Na wewe, kituo chenu kina labo? Inuka sasa. Ingia, dai kichomeo kisafishwe, mpira upimwe, mfanyakazi afundishwe. Wakikuambia rudi kesho, kaa hapohapo kwenye benchi. Usiondoke.