Kibuyu cha Maji ya Bahari

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mutindi alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kumnywesha ng'ombe maji. Ya pili ilikuwa kuosha mguu wa nyanya yake. Ya kwanza aliifanya akiimba. Ya pili aliifanya akiwa amebana pumzi.

Nyanya yake aliitwa Syokau, lakini nyumbani kwao, karibu na soko la Masii, watoto wote walimwita Susu, kwa kuwa ndivyo Wakamba wanavyomwita nyanya. Susu alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wakati wa kupalilia mbaazi alikanyaga mwiba wa mgunga na hakuusikia, maana nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi zamani. Alipovua kiatu jioni ndipo alipoona damu. Kidonda kilianza kidogo kama punje ya ndengu, kikawa kikubwa kama kizibo cha soda, kisha kikakaa pale pale, hakiponi.

Ngui, baba yake Mutindi, alitaka kumpeleka mama yake hospitalini mjini Machakos. Susu alikataa. Alisema kule watu huingia na miguu miwili wakatoka na mmoja. Tena Kamanthe, rafiki yake wa kikundi cha kanisani, alikuwa amemweleza kwamba dada yake alipona kidonda sugu kwa kukiosha na maji ya bahari. Kwetu huku wengi huamini hivyo. Mtu akiteremka Mombasa, hurudi na maji hayo akawagawia jamaa, waogeshe watoto wenye upele na kukanda magoti yanayouma. Hakuna daktari aliyewaambia wafanye hivyo. Waliambiana wenyewe.

Kwa hiyo shule ilipotangaza ziara ya pwani ya Gredi ya Saba, Susu aliuza mbuzi wake ili Mutindi aende. Hakuficha sababu. Aliwaita Ngui na Mutindi, akakubaliana nao waziwazi.

"Nipatieni hayo maji nijaribu," alisema. "Yakikataa, Ngui, utanipeleka hospitali siku hiyo hiyo, na sitafungua mdomo."

Kisha akampa Mutindi kibuyu chake. Kilikuwa kibuyu kidogo alichobebea uji akienda shamba, chekundu kwa kupakwa mafuta miaka mingi, kina ukanda wa ngozi na kizibo cha gunzi la mahindi. Chupa za plastiki, mwalimu alikuwa amesema, haziruhusiwi katika hifadhi walizokuwa wakienda kuona.

"Enda uone bahari, mwiitu wakwa," Susu alimwambia, yaani binti yangu. "Ukiiona, unikumbuke."

Mutindi aliingia ndani ya basi la shule kibuyu kikiwa begani. Hakufika hata kwenye kiti chake. Linet, ambaye baba yake alikuwa na duka la mabati pale sokoni, alikwisha kukiona.

"Wee Mutindi, tunaenda Mombasa ama tunaenda kulima?"

"Huyo ni mganga," mwingine alidakia. "Hapo ndani kuna dawa ya kufukuza papa."

Basi lote lilicheka. Mutindi alihisi masikio yakiwaka moto. Akasema kibuyu si chake, ni mtu tu alimpa akiweke kwenye gari. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza, na ulitoka kwa urahisi kuliko alivyotarajia. Akakisukuma kibuyu chini ya kiti kwa kisigino, na huko kikabaki, basi likipita Konza na Mtito Andei na kuteremka mpaka joto la pwani likaanza kuingia madirishani.

Mutindi hakuwa mtoto mbaya. Aliogopa kuchekwa, basi. Lakini woga huo usiuone mdogo.

Siku ya kwanza walipelekwa ufuoni Diani. Watoto hao walikuwa wamezoea kuchimba mchanga wa mto mkavu ndipo wapate maji ya kunywa. Sasa walisimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo. Waliyakimbilia na nguo zao. Mutindi alipigwa na wimbi, akameza maji, chumvi ikamkwaruza koo mpaka akakohoa. Alifurahi kuliko siku zote za maisha yake. Kibuyu alikikumbuka wakati mwalimu alipokuwa akiwahesabu warudi. Kilikuwa chini ya kiti, na Linet alikuwa amesimama mlangoni mwa basi. Mutindi akajiambia atachota kesho.

Kesho yake walivuka kwa mashua kutoka Shimoni hadi kisiwa cha Wasini. Pomboo waliruka karibu nao, watoto wakapiga kelele mpaka nahodha akawacheka. Kisiwani, wanawake wenyeji waliwatembeza juu ya njia ya mbao iliyopita kati ya mikoko na mawe ya matumbawe, wakawaonyesha kaa wenye mkono mmoja mkubwa. Mutindi alikuwa amekiacha kibuyu ndani ya basi makusudi. Wakati wa kurudi alitumbukiza mkono baharini, akaacha maji yapite kati ya vidole vyake. Bahari ilikuwa pale mkononi. Kesho, alijiambia tena.

Lakini kesho haikuwa ya bahari. Asubuhi Mwalimu Kimanzi alitangaza kwamba wangetembelea msitu wa Shimba Hills, kisha washike barabara ya nyumbani moja kwa moja. Mwalimu Kimanzi alikuwa mkali darasani, lakini alikuwa na mama mgonjwa pia. Angeambiwa, angemwomba dereva apitie ufuoni kidogo. Shida ni kwamba kumwambia kulimaanisha kusimama ndani ya basi na kusema, kibuyu ni changu. Mutindi alinyamaza, basi likaanza kupanda milima.

Msituni kulikuwa na giza la kijani na unyevu. Miti ilikuwa mirefu hata mbega walioruka juu walionekana wadogo kama paka. Askari wa wanyamapori, mwanamke wa Kidigo mwenye bunduki begani, aliwatangulia kwenye njia ya kushuka hadi maporomoko ya maji. Walipofika chini aliwasimamisha.

"Naweni nyuso mkitaka, lakini msinywe," aliwaambia. "Huko juu ndovu wanaoga, na nyani wanafanya mambo yao. Mwenye kidonda asitie mguu kabisa. Maji haya yana wadudu."

Mutindi alisikia kila neno. Wenzake walipoanza kupanda kurudi, alijifanya anafunga kamba za viatu. Kisha akatoa kibuyu alichokuwa amekificha ndani ya sweta, akakizamisha kijitoni. Maji yalikuwa baridi na meupe kama ya mvua. Kwa macho, usingeona ubaya wowote.

Nyumbani aliingia jikoni kwanza. Alitia chumvi kwenye kibuyu, akatikisa, akaonja, akaongeza nyingine mpaka ikamkwaruza koo kama ile ya Diani. Ndipo akaenda kumsalimia Susu.

Susu alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alimimina matone kwenye kiganja, akayaonja, akafumba macho.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Mungu alitia chumvi bahari yote."

Kisha akamvuta Mutindi karibu, akamtemea mate kifuani, kama wazee wa Kikamba wanavyombariki mtoto aliyefanya jambo jema. Mutindi alisimama wima, baraka ikikauka kwenye nguo yake.

Tangu hapo alikuwa ndiye anayemimina. Kila jioni alichuruzisha maji kidogo juu ya kidonda, naye Susu, mguu ukiwa hausikii maumivu, alikuwa akimuuliza habari za pwani. Kingo za kidonda ziligeuka rangi ya majivu. Baadaye zikawa nyeusi, na harufu ikabadilika. Ngui alimwambia mama yake kwamba maji yamekataa, na ahadi ni ahadi. Susu alijibu kwamba Kamanthe alikwisha kumweleza: kidonda lazima kichafuke kwanza ndipo kipone. Bahari ilikuwa ikitoa uchafu. Wangoje kibuyu kiishe.

Na kibuyu hakikuisha upesi, kwa sababu Susu aliyatumia maji yale kwa ubahili, kama dawa isiyopatikana tena.

Jioni moja Mutindi alisimama mlangoni na kibuyu mkononi, gunzi limeng'olewa. Angekiinamisha tu, maji yangemwagika uani, na Susu angepelekwa hospitalini. Hakuhitaji hata kusema. Lakini angeulizwa ameyamwagaje, na akiulizwa moja angeulizwa la pili. Akarudisha gunzi.

Siku ya Jumapili Susu hakuamka kwenda kanisani. Alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi mawili, akimwita Ngui kwa jina la marehemu mumewe. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kwenye goti. Ngui alimbeba mgongoni hadi barabarani, jirani akawapeleka Machakos kwa gari lake. Mutindi alikaa nyuma, kichwa cha Susu kikiwa mapajani mwake. Kilikuwa cha moto kama sufuria.

Daktari aliyewapokea aliitwa Ndila, mwanamke kijana asiyepoteza maneno. Alifungua kitambaa, akatazama, akauliza kidonda kimepakwa nini. Ngui akamwambia ni maji ya bahari ambayo mtoto alileta kutoka Diani.

"Una hakika?" daktari aliuliza. "Wadudu wa baharini na wa mtoni si wa aina moja, na dawa zao si moja. Nikianza na dawa isiyo yake, mama huyu hana siku za kungoja tujaribu nyingine."

Ngui alisema ana hakika. Daktari akamgeukia muuguzi amtajie dawa.

"Si ya bahari," Mutindi alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. Akaeleza mengine akitazama sakafu: kibuyu chini ya kiti, kijito cha msituni, onyo la askari, chumvi ya jikoni. Ngui aliinua mkono. Ulikaa hewani, kisha akaushusha, akaenda kusimama dirishani akiwapa mgongo. Daktari hakumgombeza mtoto. Alibadilisha dawa, akawaambia wote watoke nje.

Baadaye Daktari Ndila aliwaeleza kwamba neno lile lilimwokoa Susu asife. Lakini lilikuwa limechelewa kuuokoa mguu. Waliukata chini ya goti.

Susu alirudi nyumbani mvua za vuli zikianza. Wiki nzima Mutindi alimtandikia, akampikia, akamshika mkono akienda msalani, na hakuna aliyetaja jambo hilo. Mwishowe hakuvumilia. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Susu akaanza kulia.

"Usinililie," Susu alisema. "Machozi hayaoteshi mguu. Keti nikwambie."

Mutindi akaketi chini.

"Hata ungeniletea bahari yote, nisingepona. Daktari amenieleza, kidonda cha mtu wa sukari ni cha hospitali tangu siku ya kwanza. Hapo mjinga ni mimi. Niliogopa daktari nikaamini maneno ya njiani. Hilo ni langu, na nimelilipa." Akavuta shuka juu ya pale mguu ulipoishia. "Lakini ungeniambia siku ile umefika, 'Susu, nilisahau maji,' ningekugombeza. Ningekunyima chai. Halafu kesho yake ningeenda na baba yako Machakos, na miguu yangu miwili, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Wewe ulikuwa unaogopa kugombezwa kidogo. Mguu wangu ndio ulilipia."

"Umenisamehe, Susu?"

"Nimekusamehe. Kusahau ndiyo siwezi. Nitasahau vipi na kila nikitaka kusimama nakumbuka?" Akamtazama usoni. "Kosa ulilofanya ukilisema siku hiyo, linaisha na wewe. Ukilificha, linatafuta mtu mwingine. Shika hilo, uende nalo ukiwa mkubwa. Na mtu akiumwa, apelekwe hospitali mapema, hata akikataa kama mimi."

Kisha akaonyesha ukutani. Kibuyu kilikuwa kimening'inia pale. Ngui alikuwa amekisafisha kwa maji yanayochemka na kukisugua ndani kwa makaa.

"Kichukue. Mimi sifiki shamba tena. Uji wa baba yako utaupeleka wewe."

Jumamosi Mutindi alipita katikati ya soko la Masii, kibuyu begani kwa ukanda wake wa ngozi. Linet alikuwa ameketi na wenzake mbele ya duka la baba yake.

"Mutindi," aliita, "papa wameingia Masii?"

Wenzake wakacheka. Mutindi alisimama, akageuka.

"Hiki ni kibuyu cha Susu," alisema. "Ni changu pia. Nampelekea baba uji."

Akaendelea na safari. Nyuma yake wakacheka tena, kidogo, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao. Mutindi alisikiliza kicheko kile kikiisha kabla hajafika hata kwenye kona ya posho mili, pale wanaposagia unga. Hicho ndicho alichokuwa amekiogopa.